Homa Itokayo Zizini

Mkulima wa Roret, katika sehemu ya Bureti, Kaunti ya Kericho, ana mali mbili ambazo huzitazama kila aamkapo. Ya kwanza ni shamba la chai, ambalo humletea fedha za karo na za mabati. Ya pili ni ng'ombe wake, wawe wawili au wawe sita, ambao humpa maziwa ya kuuza na ya kunywa, na ambao heshima ya nyumba yake imetegemea kwao tangu zamani za mababu. Ng'ombe akiugua, kwa kawaida mwenyewe hutambua upesi: mnyama huacha kula, huinamisha kichwa, na maziwa hupungua. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao hukaa ndani ya ng'ombe mnene mwenye manyoya ya kung'aa, ukatoka kwake ukaingia katika mwili wa mtu, na mtu huyo akaugua miezi mingi pasipo kujua kwamba homa yake ilitoka zizini.

Ugonjwa huo huitwa brusela. Wengine huuita homa ya Malta, na wafugaji wengi waujua kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba. Huletwa na vijidudu vya namna ya bakteria, ambavyo havionekani ila kwa darubini. Namna moja hupenda zaidi ng'ombe, nyingine mbuzi na kondoo, na nyingine nguruwe. Namna zote hizo zaweza kumwingia mtu. Shirika la Afya Duniani limeutaja ugonjwa huu miongoni mwa yale magonjwa ya wanyama na watu ambayo dunia imeyapuuza. Sababu ya kupuuzwa si kwamba ni mwepesi. Sababu ni kwamba hauui watu wengi kwa mara moja, na wale unaowatesa hukaa mbali na miji mikubwa.

NG'OMBE HUNENA KWANZA

Brusela ikiingia katika zizi, dalili ya kwanza huonekana kwa ng'ombe mwenye mimba. Mimba hufika mwezi wa tano, wa sita au wa saba, kisha hutoka kabla ya wakati wake. Mara nyingi kondo la nyuma hukwama tumboni, na ng'ombe hukawia kushika mimba nyingine. Fahali naye aweza kuvimba mapumbu akashindwa kupandisha vizuri.

Hapo ndipo mkulima hudanganyika. Ng'ombe akiisha kutupa mimba mara moja, mara nyingi huzaa salama mara ya pili, na mwenyewe hufurahi akasema kwamba msiba umepita. Kumbe haukupita. Vijidudu hubaki katika kiwele na katika tumbo la uzazi, na kila azaapo hutoka pamoja na maji ya uzazi, na kila akamwapo huweza kutoka pamoja na maziwa. Majani yaliyodondokewa na maji hayo yakiliwa na mtamba wa jirani, naye hupata. Mbwa akilikokota kondo la nyuma kutoka boma moja hadi jingine, amekwisha kuueneza ugonjwa kama mtu apandavyo mbegu.

Desturi za ujirani mwema nazo zaweza kuwa njia ya ugonjwa. Wakipsigis wana desturi ya kale ya kuwekeana ng'ombe, iitwayo kimanagan, ambayo kwayo mtu humkabidhi rafiki yake ng'ombe amtunze na kunywa maziwa yake. Desturi hiyo imeokoa nyumba nyingi katika miaka ya njaa na ya maradhi ya mifugo, kwa kuwa mali ya mtu haikuwa mahali pamoja. Lakini ng'ombe mwenye brusela akihamishwa, awe amewekwa kwa rafiki, ametolewa mahari, au ameuzwa sokoni, huenda na ugonjwa wake, na wenyeji humpokea kwa furaha.

HOMA YENYE MAJINA MENGI

Mtu hupata brusela kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kunywa maziwa mabichi, au kula vitu vilivyotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa. Ya pili ni kugusa damu, maji ya uzazi, kondo la nyuma au ndama aliyekufa tumboni, hasa ikiwa mikono ina michubuko. Ndiyo maana wachungaji, wakamuaji, wachinjaji na waganga wa mifugo huupata kuliko watu wengine. Mtu hamwambukizi mwenzake ila kwa nadra sana.

Baada ya juma moja hadi manne, na pengine baada ya miezi, mtu huanza kuona homa. Homa hiyo hupanda jioni na kushuka asubuhi. Huondoka siku kadhaa, kisha hurudi. Usiku mgonjwa hutoka jasho jingi mpaka shuka ikalowa. Viungo humuuma, hasa kiuno, magoti na uti wa mgongo. Nguvu humwishia, na moyo wake huwa mzito wa huzuni asiyoijua chanzo. Wanaume wengine huvimba mapumbu, na mwanamke mwenye mimba aweza kuiharibu. Wanaokufa ni wachache, pengine mmoja au wawili kati ya mia, na hao mara nyingi ni wale ambao ugonjwa umewaingia moyoni. Lakini wasiokufa waweza kupoteza nusu ya mwaka au zaidi.

Na wafikiriwe watu wa nyumba moja katika nchi ya chai. Baba apata homa, asema ni malaria, maana malaria yajulikana Kericho. Anunua vidonge dukani. Homa yaondoka siku tatu, yarudi. Aenda zahanati, aambiwa ni homa ya matumbo, apewa dawa nyingine. Apata nafuu kidogo, kisha kiuno chamshika hata hawezi kuinama katika mistari ya chai. Majani yakomaa juu ya miti pasipo mtu wa kuyachuma, na malipo ya mwisho wa mwezi yapungua. Majirani waanza kusema kwamba amekuwa mvivu. Wengine wanong'ona juu ya uchawi. Mwishoni auza ng'ombe mmoja ili apate fedha za hospitali, na huenda ng'ombe huyo ndiye aliyemletea ugonjwa. Sasa ugonjwa umekwenda katika boma la mtu mwingine, nao umelipiwa fedha taslimu.

Kwamba homa za watu hupewa majina yasiyo yake si jambo la kukisia tu. Huko Moshi, Tanzania, katika mwaka 2007 na 2008, wataalamu waliwachunguza wagonjwa 870, wakubwa kwa wadogo, waliolazwa katika hospitali mbili kwa sababu ya homa kali. Karibu 60 kati ya kila 100 walikuwa wameandikiwa malaria. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, waliokuwa na malaria hasa hawakufika hata wawili kati ya 100. Lakini kama robo ya wale waliopimwa walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, na brusela ilikuwa mojawapo. Wagonjwa hao walipopokelewa, magonjwa hayo hayakuwa hata katika orodha ya yale yaliyodhaniwa.

Kosa la upande wa pili lipo vilevile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika hospitali kadhaa za magharibi mwa Kenya, karibu wagonjwa 20 kati ya 100 waliopimwa kwa kipimo cha haraka waliambiwa kuwa wana brusela. Damu hizo zilipopimwa tena kwa njia iliyo bora zaidi, hakupatikana hata mmoja kamili kati ya 100. Basi yuko mtu mwenye brusela ambaye hatibiwi, na yuko asiye nayo ambaye humeza dawa kali kwa majuma sita, huku ugonjwa wake wa kweli ukiendelea kumla. Wote wawili hupoteza fedha na afya, na wote wawili huiharibu hesabu ya nchi.

MAMBO YA KISIWA CHA MALTA

Asili ya jina la homa ya Malta ni kisiwa kidogo katika bahari ya Mediterania, ambako askari wengi wa Uingereza walikuwa wakiugua homa isiyokwisha. Mwaka 1887 daktari wa jeshi aitwaye David Bruce alivipata vijidudu vyenyewe, na ndiyo sababu ugonjwa huitwa kwa jina lake mpaka leo. Bruce huyo huyo ndiye aliyefika Entebbe, Uganda, mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.

Lakini kujua kijidudu si kujua njia yake. Kwa miaka karibu 18 watu waliilaumu hewa, mavumbi, maji machafu na mbu. Mwaka 1905 daktari mzaliwa wa Malta, Themistocles Zammit, aliwapima mbuzi wa kisiwa hicho. Mbuzi hao walikuwa wanene na wazima wa kutazamwa, wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa mbele ya wanunuzi. Akakuta kwamba wengi wao walikuwa na ugonjwa katika damu, na vijidudu katika maziwa. Mwaka 1906 askari walikatazwa kunywa maziwa hayo, na homa ikawapungukia upesi sana mpaka ikakaribia kwisha kabisa jeshini. Raia wa Malta, ambao wengi waliendelea kunywa maziwa mabichi kama kawaida yao, waliendelea kuugua kwa miaka mingi baadaye.

Mkulima wa Roret aweza kuyatia akilini mafundisho mawili ya habari hiyo. La kwanza, mnyama mwenye sura ya afya aweza kuwa ndiye mwenye ugonjwa. La pili, wale askari hawakuokolewa na dawa mpya, maana wakati huo dawa haikuwapo. Waliokolewa na kuacha maziwa mabichi.

HESABU YA DUNIA

Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba watu 500,000 duniani hupata brusela kila mwaka. Baadaye wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikadiria kwamba katika mwaka 2010 peke yake wagonjwa walizidi 800,000. Mwaka 2023 wachunguzi wengine walifanya hesabu upya, wakasema kwamba idadi ya kweli ni kati ya watu 1,600,000 na 2,100,000 kila mwaka, na wengi wao wako Afrika na Asia. Msomaji asidhani kwamba ugonjwa umeongezeka mara nne kwa ghafula. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuhesabu. Mgonjwa aliyeandikwa malaria katika kitabu cha zahanati hahesabiwi katika brusela, na ugonjwa usiohesabiwa haupewi fedha, wala dawa, wala wataalamu.

Katika Kenya, uchunguzi uliofanywa mwaka 2012 na 2013 uliwapima watu na mifugo yao pamoja, nyumba kwa nyumba, katika kaunti za Marsabit, Kajiado na Kiambu. Huko Marsabit, ambako mifugo ni mingi na maziwa mabichi ni chakula cha kila siku, zaidi ya watu 40 kati ya 100 walikuwa na alama ya ugonjwa katika damu. Huko Kiambu, ambako ng'ombe hufungiwa bandani na maziwa huchemshwa, hawakufika watano kati ya 100. Tena ilionekana kwamba nyumba yenye mnyama mwenye alama hiyo ndiyo iliyoelekea zaidi kuwa na mtu mwenye alama hiyo.

Nchi ya Kericho na Bomet haikuwa katika uchunguzi huo, lakini mtu mwenye fikira aweza kujipima mwenyewe. Kwa upande mmoja, mkulima wa huku amefanana na yule wa Kiambu: ng'ombe wachache, ua, na majani ya kukatwa. Kwa upande wa pili, anayapenda maziwa kama mfugaji wa Marsabit. Basi jambo la kumtenga na hatari ni lile litendwalo jikoni.

CHAI NA MURSIK

Katika nyumba nyingi za huku, maziwa ya asubuhi huuzwa, na ya jioni hubaki mikononi mwa mama wa nyumba. Maziwa hayo yana njia mbili. Sehemu moja hutiwa katika sufuria pamoja na maji, majani ya chai na sukari, yakachemshwa mpaka yakapanda. Hiyo ndiyo chai inywewayo na watu wote wa Kenya, na katika jambo hili ni kinga kamili: moto uivishao chai huviua vijidudu vya brusela vyote. Tangu miaka ya 1920, makampuni yalipoanza kupanda chai Kericho, zao hili limewapa watu mishahara. Wala si wengi wanaofikiri kwamba desturi ya kulichemsha pamoja na maziwa imewakinga pia na maradhi.

Sehemu ya pili huwa mursik. Kibuyu, yaani sotet, husafishwa vizuri kwa makaa ya mti wa senetwet, kisha maziwa hutiwa ndani yakaachwa siku kadhaa mpaka yakaganda. Mursik ni chakula cha heshima. Ndiyo hupewa mgeni, na ndiyo hupelekwa kumpokea mwana aliyerudi na ushindi. Hapana mtu mwenye adabu awezaye kuwaambia Wakipsigis waiache.

Wala hapana haja ya kuiacha. Wengine hudhani kwamba uchachu wa mursik na makaa ya senetwet huviua vijidudu. Uchachu huvipunguza, lakini hauviui vyote kwa hakika, hasa maziwa yakinyweka baada ya siku chache. Na makaa hutia harufu nzuri na rangi, si dawa ya brusela. Njia iliyo salama ni moja: maziwa yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe kabisa, ndipo yatiwe katika kibuyu kilichotayarishwa. Nyumba nyingi zimekwisha kufanya hivyo, na mursik yao huganda, huchacha, na wazee huisifu.

Jambo jingine ni maziwa ya kununua. Maziwa yakusanywapo, ya ng'ombe mmoja huchanganywa na ya ng'ombe wengi katika mtungi mmoja, na mgonjwa mmoja aweza kuuchafua mtungi mzima. Sehemu kubwa ya maziwa yauzwayo Kenya hufika kwa mnywaji pasipo kupita kiwandani. Kwa hiyo karani wa mjini asiye na ng'ombe hata mmoja hayuko mbali na zizi kama anavyodhani. Naye yampasa kuchemsha. Kuyapasha moto tu hakutoshi, sharti yachemke.

DAWA ZAPO, LAKINI ZATAKA UVUMILIVU

Mtu mwenye homa isiyokwisha, mwenye jasho la usiku na maumivu ya viungo, na aende hospitali, tena amweleze daktari mambo ambayo pengine hataulizwa: kwamba ana ng'ombe au mbuzi, kwamba hunywa maziwa mabichi, kwamba alimsaidia ng'ombe kuzaa, au kwamba mnyama mmoja ametupa mimba. Maneno hayo machache yaweza kumwokolea miezi mingi. Akiambiwa kwamba ana brusela kwa kipimo cha haraka, si utovu wa adabu kuomba damu ipimwe tena kwa njia ya pili.

Brusela hutibika. Kwa mtu mzima, dawa ya kawaida ni vidonge vya doksisaiklini kwa majuma sita, pamoja na rifampisini kwa muda huo huo, au sindano za streptomaisini kwa majuma mawili au matatu. Watoto wadogo na wanawake wenye mimba hupewa dawa nyingine, kwa shauri la daktari. Hatari kubwa ni kuacha njiani. Baada ya siku kumi mgonjwa hujiona mzima, huona vidonge vyamchosha tumbo, akavitupa. Vijidudu vilivyojificha katika mifupa na ini huamka tena, na safari ya pili huwa ndefu kuliko ya kwanza.

KAZI YA BOMA NA YA SERIKALI

Hata hivyo, kumtibu mtu na kumwacha ng'ombe ni kufuta maji sakafuni huku bati likivuja. Ng'ombe akitupa mimba, atengwe na wenzake, na daktari wa mifugo aitwe ili achukue damu ipimwe. Mtu asishike ndama wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Avae mipira, au mifuko ya nailoni ikikosekana mipira, na anawe kwa sabuni. Vitu hivyo vizikwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, au vichomwe. Ng'ombe mpya apimwe kabla ya kuingia zizini, awe wa kununuliwa, wa mahari au wa kuwekwa na rafiki. Mitamba yaweza kuchanjwa ikiwa na umri wa miezi mitatu hadi minane. Lakini chanjo hiyo ina vijidudu vilivyo hai, nayo ni kazi ya mtaalamu, si ya mtu kujichomea mwenyewe mifugo yake.

Serikali ya Kenya nayo imeanza kulishika jambo hili. Mwaka 2012 ilianzisha ofisi moja ambamo madaktari wa watu na wa mifugo hufanya kazi pamoja. Mwaka 2015 brusela iliwekwa katika magonjwa matano ya kwanza ya kushughulikiwa kati ya yale ya wanyama na watu. Na mkakati wa taifa wa kuupiga vita ugonjwa huu umepangwa kwa miaka 2021 hadi 2040. Miaka ishirini ni mirefu kwa karatasi, bali kwa mifugo ni vizazi vichache tu.

Lakini mkakati wowote huanza kwa habari, na habari huanza kwa mwenye boma. Mkulima akificha kwamba ng'ombe wake ametupa mimba, kwa kuogopa kwamba bei itashuka au kwamba majirani watasema, ameficha jambo ambalo hospitali yalihitaji, ofisi ya mifugo yalihitaji, na watoto wake walihitaji kuliko wote. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mamilioni yanayotajwa katika hesabu za dunia ni jumla ya nyumba kama zile za Roret, moja moja, kila moja na sufuria yake, kibuyu chake, na ng'ombe wake anayependwa. Dunia yaweza kukosea hesabu yake kwa miaka mingine mingi. Mama wa nyumba, jioni ya leo, hana sababu ya kuingoja.